Pengo la Namba Tatu

"Mara ya tano," alisema mpelelezi, akabofya.

Faili likashuka. Alisubiri mstari wa kijani ufike mwisho, akasoma jina lililotokea, akaliandika kwa penseli katika daftari lake, herufi kwa herufi, hata mabano. Kisha akapuliza vumbi la saruji lililotanda juu ya kompyuta mpakato yake na kukishika tena kipanya.

"Mama, mchoro ni ule ule," alisema mtunza ghala. "Hata ukiushusha mara mia."

"Najua, mwanangu. Siutazami mchoro. Natazama jina unalokuja nalo."

Walikuwa wawili tu ndani ya ghala la mabati, kati ya mifuko ya saruji na mizunguko ya waya wa kufungia nondo. Kompyuta ya ghala ilikuwa mezani, imezungushiwa utepe wa polisi. Mpelelezi alikuwa ameipiga picha kioo chake ukurasa kwa ukurasa tangu asubuhi, na hakuna alichobadilisha ndani yake. Majaribio yote aliyafanya kwenye mashine yake mwenyewe.

Kituoni walimwita Bi Taratibu. Aliingia kazini miaka thelathini nyuma kama mpiga chapa wa maelezo ya mashahidi, na kompyuta zilipokuja alijifunza peke yake, kwa kusoma vile vijitabu vya maelekezo ambavyo wenzake walivitupa pamoja na maboksi. Jina lile walimpa kwa kumtania. Yeye alilipokea kama mtu anavyopokea koti linalomwenea.

Jalada lililokuwa mkobani mwake lilikuwa jembamba na zito. Ijumaa iliyopita, tarehe ishirini na nane, ngazi ya bweni linalojengwa ilianguka mara mbao zake zilipofumuliwa. Chini yake alikuwapo fundi nondo mmoja, mtu wa makamo ambaye mafundi wenzake walimwita Fagio. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Zege lilipopasuliwa, ndani zilikutwa nondo za milimita kumi na mbili, ilhali mchoro mpya ulitaka za kumi na sita. Na mchoro huo mpya ulikuwa umewekwa kwenye ukurasa wa mtandaoni wa ofisi ya wachoraji, na kumbukumbu za ukurasa zilionyesha kwamba ghala liliupakua Jumatano ya tarehe tano, saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku mbili kabla zege halijamwagwa.

Kwa hiyo nyapara alikuwa nao, akajenga kwa ule wa zamani. Ndivyo walivyosema, na walisema alitaka kuziuza zile nondo nene. Alikuwa mahabusu siku ya sita. Kesho saa tatu asubuhi jalada lingefika kwa mwendesha mashtaka. Kilichofanya watu washushe sauti kila walipolizungumza ni kwamba Fagio ndiye mume wa dada yake nyapara.

"Haya," alisema mpelelezi. "Nieleze tena. Jina la leo limebeba neno 'ngazi', namba ya toleo, na tarehe. Siku ile?"

"Siku ile lilikuwa 'ngazi', basi. Nimewaambia askari wawili kabla yako. Wakanitazama kama mtu anayesimulia ndoto."

"Mimi wa tatu. Simulia."

"Nguzo ilikuwa inakuja inaitwa 'nguzo'. Paa, 'paa'. Toleo la kwanza, la pili, la kumi, jina moja. Ukishusha tena, kompyuta yenyewe inaongeza namba kwenye mabano ili yasigongane."

Mpelelezi alifungua picha alizopiga asubuhi. Barua ya mhandisi wa ofisi ya wachoraji ilikuwa ya kwanza katika jalada, na sentensi yake moja alikuwa ameshaijua kwa moyo: *Ukurasa wetu huipa kila faili jina lenye namba ya toleo na tarehe, hivyo haiwezekani mtu kukosea.* Aliiweka barua kando ya picha ya orodha ya vitu vilivyopakuliwa kwenye kompyuta ya ghala.

"Orodha hii mashine huiandika yenyewe faili linaposhuka," alisema. "Mtu akilibadili jina baadaye, orodha inabaki na jina la mwanzo. Soma tarehe tano."

Mtunza ghala alisogeza uso karibu. "Ngazi, mabano, tatu." Akajipiga paja. "Si nilisema! Si nilisema mimi!"

"Ulisema. Na nimekuandikia kwamba ulisema." Aliandika kweli. "Sasa twende pole pole. Kwenye folda nimekuta 'ngazi' isiyo na namba, kisha moja mpaka sita. Mbona nyingi hivyo?"

"Karatasi zinalowa, zinachanika, mmoja ameifanya ya kukalia. Kila wakija kuomba nyingine, nashusha upya, nachapa."

"Utajuaje ipi mpya?"

Mtunza ghala alinyooka kitini. Hili alilijua. "Namba kubwa. Hakuna aliyenifundisha, niligundua mwenyewe. Ukishusha, namba inapanda. Kwa hiyo ya mwisho ndiyo kubwa. Mwaka mzima haijawahi kuniangusha."

"Jumatano ile ulifungua ipi ukachapa?"

"Sita."

"Na orodha inasema ulishusha ipi?"

Mtunza ghala alirudisha macho kwenye orodha, akaifuata kwa kidole. Nje, mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu linalolia.

"Lori la saruji lilikuwa getini," alisema hatimaye, taratibu. "Dereva anapiga honi. Nikabofya, nikaingia kwenye folda, nikachukua sita. Sikutazama. Mama, tatu imetoka wapi? Tatu ilishapita zamani!"

"Tazama hapa."

Bi Taratibu aligeuza mashine yake. Mafaili matano aliyoyashusha yalikuwa yamepangwa: la kwanza bila namba, halafu moja, mbili, tatu na nne. Alilifuta lenye namba mbili. Orodha ikabaki na nafasi kati ya moja na tatu, kama meno ya mtoto wa miaka saba. Kisha akabofya kupakua kwa mara ya sita.

Jina likaja na namba mbili kwenye mabano.

"Haipandi," alisema. "Inatafuta namba ya kwanza iliyo wazi. Maadamu hakuna anayefuta kitu, kanuni yako ni sahihi. Likitoka moja katikati, jipya linaingia kwenye pengo, na kubwa linabaki kuwa la zamani."

Mtunza ghala alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Basi ni mimi," alisema kupitia vidole. "Mimi ndiye niliyempa karatasi. Nyapara ananiuliza, 'Ndio mpya huu?' namjibu, 'Ndio wenyewe, kaka.' Mtu analala sakafuni siku sita kwa ajili yangu."

"Usijihukumu kabla ya hakimu, atakosa kazi. Kunywa maji." Alisubiri anywe. "Karatasi ile askari wa kwanza aliandika kwamba pembe yake imekatwa, pale penye kisanduku cha toleo. Akaona ni njama. Mimi asubuhi nimechapa karatasi tatu kwenye printa yako. Zote zimetoka bila kisanduku. Printa yako inakula pembe."

"Inakula tangu siku ya kwanza. Tulishazoea."

"Nayo nimeiandika. Sasa swali la mwisho. Nani alitoa tatu ya zamani?"

Alimwonyesha picha nyingine, ya pipa la taka la kompyuta. Lilikuwa na kitu kimoja tu: 'ngazi (3)', lililofutwa Jumanne tarehe nne, saa saba na dakika ishirini mchana. Siku moja kabla.

"Saa saba mimi huwa nimekwenda kula," alisema mtunza ghala. "Ufunguo nauacha..." Akasita.

"Kwa nani?"

"Kwa nyapara." Macho yake yakajaa machozi. "Mungu wangu. Nilidhani namtoa shimoni, kumbe namfukia."

"Kuna daftari la funguo?"

"Lipo, kila anayechukua anatia saini. Lakini kampuni walilibeba Jumatatu, lipo makao makuu. Wamesema litarudi kesho asubuhi."

Mpelelezi aliandika mstari: *Aliyefuta.* Akaweka nukta mbili mbele yake, akaacha nafasi.

*

Fundi kompyuta wa ofisi ya wachoraji alifanyia kazi chini ya ngazi, katika kijichumba kilichojengwa kwa ajili ya mafagio na ndoo. Watu wakipanda juu, vumbi lilimshukia kichwani. Alikuwa amefungia kipande cha nailoni juu ya kioo chake.

"Ngazi hii angalau haianguki," alisema alipoona mgeni akitazama juu. Mara akajuta. "Samahani, afande. Mdomo wangu hauna breki."

"Afadhali wewe. Wangu una breki tupu, hauna mafuta." Aliketi juu ya boksi la karatasi. "Nina swali moja la kazi yako. Mtu akipakua mchoro, jina la faili linatoka wapi?"

"Kwenye ukurasa." Alifurahi kuulizwa. Pengine hakuna aliyewahi kumuuliza. "Kwenye hifadhi yetu mafaili yana majina ya ajabu, namba ndefu kama mkia wa nyani. Mtu akibofya, skripti ya ukurasa, yaani yale maelekezo mafupi yanayouendesha, inaliambia faili: ukitoka hapa, jiite hivi. Ni mstari mmoja tu. Anayepakua hana habari."

"Nionyeshe."

Alimwonyesha. Mstari ulichukua aina ya mchoro, ukaongeza toleo, ukaongeza tarehe. Mpelelezi aliusoma mara mbili kwa midomo isiyotoa sauti.

"Safi," alisema. "Mtu hapotei hapa. Umeuandika lini?"

Furaha ikapungua. Juu yao mtu alipanda ngazi kwa viatu vizito, na wote wawili wakangoja apite.

"Zamani kidogo."

"Mwanangu, mimi nilijifunza mashine hizi peke yangu, na nadhani wewe pia. Mtu aliyejifundisha hatupi kazi yake ya zamani. Anaiweka. Mimi bado nina diski ambazo hakuna mashine inayozisoma." Alitoa picha ya orodha, akaiweka juu ya meza. "Tarehe tano ukurasa uliliita faili 'ngazi'. Basi."

Fundi aliitazama picha muda mrefu. Alikuwa na tabia ya kuzungusha pete yake kidoleni, na sasa aliizungusha kama anayefungua bomba.

"Tarehe ishirini na tisa," alisema. "Jumamosi. Mhandisi alinipigia simu nyumbani. Akasema, weka toleo kwenye jina, sasa hivi. Nikaweka. Sikuuliza kwa nini. Jumapili ndipo niliposikia habari za ngazi."

"Na kabla ya hapo ilikuwa aina tu."

"Aina tu. Niliandika hivyo mwaka juzi, tulipokuwa na matoleo machache. Nikasema nitarekebisha nikipata nafasi." Alicheka bila furaha. "Nafasi nimeipata."

Mpelelezi alilifikiria neno *huipa* katika barua ya mhandisi. Ukurasa huipa kila faili jina lenye toleo. Kwa leo, ni kweli tupu. Aliyeiandika barua alichagua kusimama juu ya jiwe moja kavu katikati ya tope. Labda aliogopa. Labda alitaka kuzuia tu ajali ya pili, halafu uoga ukaja baadaye ukaukuta ukweli nusu umeshaandaliwa. Hilo lilikuwa swali la siku nyingine, na angelimuuliza mwenyewe.

"Ile skripti ya zamani unayo?"

"Ninayo. Na tarehe ya kubadilisha imehifadhiwa pamoja nayo." Akashusha sauti. "Lakini nikikupa, afande, hapa sina kazi. Nina mama anayesafishwa figo mara mbili kwa wiki kwa bima ya ofisi hii."

"Naweza kurudi na hati ya mahakama niichukue. Itachukua siku tatu. Kwa siku hizo, mtu atakuwa ameshasomewa mashtaka."

"Kwa hiyo unanitisha."

"Hapana. Nakuambia hesabu ilivyo, uipige mwenyewe. Sitaki uje kwa sababu nimekutisha. Shahidi aliyetishwa hugeuka." Aliinuka, akajipangusa vumbi. "Kesho saa mbili nitakuwa mezani kwangu. Ukija, nitaandika kwamba ulikuja bila kushurutishwa. Anayemfukuza shahidi kazi ana kesi yake, na hiyo nitaifuatilia mwenyewe. Usipokuja, sitakuchukia."

Alipokuwa mlangoni fundi alimwita. "Afande. Jamaa wa mguu, anaendeleaje?"

"Ndiko ninakokwenda."

*

Wodi ya mifupa ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na kitanda cha Fagio ungekijua bila kuambiwa. Shuka lilikuwa limenyooka kama karatasi. Juu ya kabati lake dogo vidonge vilipangwa kwa ukubwa, kikombe kimefunikwa kwa sahani, na sahani imefunikwa kwa kitambaa. Mguu ulining'inia kwenye kamba, umefungwa plasta ngumu kuanzia pajani. Alikuwa akiokota nyuzi zilizochomoza kwenye blanketi, moja baada ya moja, na kuziweka kwenye kibahasha.

"Karibu, dada. Usikalie kiti hicho, mguu mmoja unacheza. Kalia kile."

"Ahsante, kaka. Pole na maumivu."

"Maumivu yana dawa. Yale mengine ndiyo hayana." Alielekeza kidevu mlangoni. "Mke wangu anapika mabakuli mawili kila siku. Moja langu, moja la kaka yake kule mahabusu. Jana nimemuuliza, umeanzia wapi? Akalia. Leo sikuuliza. Lakini bakuli lilikuwa la vuguvugu, nikajua."

Mpelelezi aliketi pale alipoelekezwa. Alifungua daftari.

"Nimefanya kazi na shemeji miaka kumi na minne," Fagio aliendelea. "Nilimkabidhi mgongo wangu. Nikiwa chini ya zege, nani anakagua? Yeye. Halafu aniwekee nondo kama vijiti vya mishikaki ili abakize za kuuza? Afadhali angenisukuma mtoni."

"Zile nondo nene zipo ghalani, kaka. Nimezihesabu. Zote. Hata lebo za kiwandani hazijatolewa."

Mkono uliokuwa ukiokota nyuzi ulisimama. "Zote?"

"Zote."

"Basi... kwa nini?"

"Ndilo ninalolitafuta. Ile Jumatano mlipoanza kusuka nondo, karatasi uliiona?"

"Niliiona. Kumi na mbili, kama ile ya awali. Hata nilishangaa, maana tulisikia kuna mpya. Shemeji akasema, 'Nimeuliza, ndio wenyewe.' Nikanyamaza. Mimi fundi, si mchoraji."

"Na siku ya kabla? Jumanne?"

"Jumanne tulikuwa tunasafisha eneo. Mimi kusafisha ndiyo ugonjwa wangu, ndiyo maana wakaniita Fagio. Siwezi kuona takataka mahali, mwili unawasha." Alitabasamu kwa mara ya kwanza, na uso wake ukapungua miaka. "Hata ile kompyuta ya ghalani. Mtunza ghala ni mwema lakini mchafu, ana mafaili kama nyumba ya panya. Mchana ule nilimwomba shemeji ufunguo nikachape karatasi ya ngazi, yangu ilikuwa imelowa. Nikafungua moja ya katikati, ikagoma. Imeharibika, nadhani umeme ulikatika ilipokuwa inashuka. Nikasema, kitu kibovu kinangoja nini hapa? Nikaifuta. Nikachapa ile ya juu yake, nikafunga mlango, nikarudisha ufunguo."

Penseli ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Ulitia saini daftari la funguo?"

"Natia saini kila mara. Mimi tena!" Akamtazama. "Mbona umeacha kuandika, dada?"

Bi Taratibu aliutazama mguu ule, kamba yake, na kibahasha cha nyuzi. Aliwaza jinsi mtu anavyoweza kuokota kitu kibovu njiani kwa nia njema tupu, na siku ishirini na nne baadaye ngazi ikamwangukia. Hakuna sheria aliyovunja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amevunja sheria siku ile: wala mwenye kanuni ya namba kubwa, wala mwenye mstari mmoja aliouahirisha, wala huyu. Lakini kumwambia sasa, peke yake, amefungwa kamba, wodi ikimtazama, halafu amwache na usiku mzima? Na daftari la funguo alikuwa bado hajaliona kwa macho yake. Neno la mtu halikuwa saini ya mtu.

"Ncha imeisha," alisema, akaiweka penseli mkobani. "Na maelezo mazuri hayachukuliwi kwa haraka. Nitakuja kesho tuyaandike vizuri, usome, utie saini."

"Lakini shemeji... hakuziuza."

"Hakuziuza."

Fagio alilaza kichwa juu ya mto. Baada ya kitambo alinyoosha mkono kabatini, akasogeza kidonge kimoja kilichokuwa nje ya mstari.

Langoni mpelelezi alikutana na mke, amebeba mabakuli mawili matupu ndani ya kikapu, yakigongana. Alikuwa na macho ya mtu anayegeuka kitandani usiku kucha.

"Mama," alisema yule mke, "wewe ndiye unayejua. Kesho nianzie wapi? Kwa mume au kwa kaka?"

Bi Taratibu alifikiria saa mbili, na fundi ambaye angekuja au asingekuja. Alifikiria daftari la funguo, saa tatu, na ule mstari wenye nukta mbili na nafasi tupu.

"Sijui bado, mwanangu. Sitakudanganya. Kesho usianzie kwa yeyote. Nisubiri hapa langoni, saa nne."

"Na mabakuli?"

"Njoo nayo yote mawili."